Bastola Upande wa Lavington, Bonoko Upande wa 46

 Leo mada yetu ni bunduki. Si ya mwizi wa mifugo kule Baringo, wala ya mwanajeshi aliye mpakani. Nataka tuizungumzie bunduki ya kupenda, ile ambayo mtu huinunua kwa hela zake, huisafisha jioni kwa kitambaa na mafuta, na Jumamosi hukutana na wenzake kwenda kulenga karatasi. Watu wa namna hiyo tunao Nairobi, na wengi ni watu wa heshima zao: mawakili, madaktari, wenye maduka, akina mama wenye kampuni zao. Kwao bastola ni mchezo, na pia ni namna ya kuishi. Mtu huchagua shati kulingana na mahali bastola itakapokaa kiunoni. Akiingia mkahawani hutafuta kiti kinachotazama mlango.

Uwanja wao unaojulikana sana uko Kirigiti, Kiambu, chini ya chama cha wamiliki wa bunduki kinachoitwa NGAO. Kuna mtindo wa mashindano unaopendwa huko, IDPA, ulioanzia Marekani mwaka 1996. Mshindani huvaa miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio, na juu yake kizibao kinachoificha bastola. Msimamizi akitoa ishara, kizibao kinapeperushwa, bastola inachomolewa, risasi mbili kwenye karatasi ya kwanza, mbili kwenye ya pili, halafu mtu anakimbia akiwa ameinama hadi nyuma ya kiambaza cha mbao, anabadilisha magazini na kuendelea. Kifaa kidogo mkononi mwa msimamizi kinasikia kila mlio na kurekodi wakati. Anayetumia sekunde chache ndiye mshindi, na ukikosa katikati ya karatasi unaongezewa sekunde.

Kati ya zile karatasi huwekwa nyingine zenye alama ya kiganja kilicho wazi. Huyo ni raia asiye na hatia aliyejikuta katikati ya mapambano. Ukimpiga unaongezewa sekunde tano. Msikilizaji, zishike hizo sekunde tano, nitakuja kuzidai baadaye.

Si rahisi kuingia katika mchezo huu, na haufai kuwa rahisi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uombe kibali kwa bodi ya leseni, upeleke cheti cha tabia njema, ueleze kwa nini unaitaka silaha, uthibitishe kwamba akili yako ni timamu na kwamba unajua kuishika. Cheti chenyewe hufanywa upya kila mwaka. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama, serikali iliwaita wamiliki wote wakaguliwe upya, kwa sababu vibali vilikuwa vimetolewa ovyo na wengine walikuwa wakipiga risasi hewani vilabuni kana kwamba ni fataki za mwaka mpya.

Sasa tazama hesabu. Shirika la utafiti wa silaha ndogo lililoko Geneva lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa 8,136. Marekani, ambako mchezo huu umeota mizizi, raia walikadiriwa kuwa na bunduki milioni 393, nyingi kuliko idadi ya watu wenyewe. Sisi hatuko huko, na sidhani kuna anayetaka tufike. Lakini zile 8,136 ndizo peke yake zinazoweza kuitwa mchezo. Zilizobaki zina majina mengine, na ili kuyasikia inabidi tupande matatu.

Panda ya nambari 46 pale mjini, shuka mwisho wa safari, Kawangware. Stejini kuna mutura jikoni, kinyozi mwenye spika mlangoni, bodaboda wamejipanga. Watu wa mtaa wameshasahau kwamba 46 ilikuwa nambari ya gari. Siku hizi ni anwani. Ukitembea kwa miguu kufuata Gitanga Road, muda si mrefu umefika Lavington. Mabati yanakwisha, kuta zinaanza, na juu ya kuta kuna nyaya za umeme. Kila alfajiri mkondo wa watu hutoka Kawangware kuelekea huko: yaya, mtunza bustani, fundi wa bomba, mlinzi anayempokea mwenzake wa zamu ya usiku. Jioni mkondo unarudi. Wa pande zote mbili, wakiibiwa, huenda kuripoti kituo kimoja cha polisi, Muthangari.

Upande wa ukuta, silaha ni bastola, Glock au Ceska, na mwenyewe atakuambia muundo wake na idadi ya risasi inazobeba. Upande wa 46 kuna mchuma, kuna mguu wa kuku, na kuna bonoko. Mchuma ni bunduki. Mguu wa kuku ni bastola, na wakati mwingine ni kipande cha bomba na ubao alichokifunga fundi asiyetaka kujulikana, kitu ambacho kinaweza kumlipukia mwenyewe usoni kabla hakijamdhuru mwingine. Bonoko ni bandia kabisa. Haitoi risasi. Kazi yake ni kutisha gizani.

Wasikilizaji wa Nairobi mnaikumbuka hadithi ya Bonoko. Zaidi ya miaka 10 iliyopita, kijana wa mitaani alihojiwa na televisheni kuhusu mtu aliyeuawa na polisi Ngara. Akaeleza, kwa Sheng ya kasi isiyopumua, kwamba aliyeuawa hakuwa na silaha, na kwamba polisi ndio waliomwekea bonoko baada ya kumuua. Ma-DJ wakaichukua sauti ile wakaitia mdundo, nchi nzima ikacheza. Kijana mwenyewe, James Kang'ethe, akachukua jina la Bonoko na hatimaye akawa mtangazaji wa Ghetto Radio. Nafurahi kwamba alipata kazi, tena kazi kama yangu. Ila tulivyocheza ule wimbo, sijui ni wangapi tulikumbuka kwamba kulikuwa na maiti ndani yake.

Kitu kisichoweza kufyatua risasi kinatosha kumgeuza mtu kuwa jambazi hata akiwa ameshakufa. Lavington bastola halisi yenye risasi haimgeuzi mtu kuwa chochote. Ni mali yake, kama gari. Sisemi kwamba sheria ibadilike ili kijana wa 46 naye apate Glock. Mungu atuepushe. Ninachosema ni kwamba tukiiita bunduki mchezo, tukubali kwamba ni mchezo wa wenye ruhusa ya kucheza, na ruhusa hiyo katika nchi hii ina historia.

Tuanzie Kibera, ng'ambo ya Ngong Road. Watu wengi hawajui kwamba Kibera ilizaliwa na bunduki. Askari wa Kisudani waliopigana katika jeshi la kikoloni, King's African Rifles, ndio waliopewa msitu ule wakae na jamaa zao, na ndio mababu wa Wanubi wa leo. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Askari aliyetumikia miaka 12 aliweza kupata kibali cha kujenga na kulima. Lakini angalia masharti ya mpango wenyewe: akistaafu anarudisha bunduki ghalani, anapewa shamba lisilo na hati. Bunduki ilikuwa ya Mfalme na ardhi ilikuwa ya Mfalme. Cha askari kilikuwa miguu yake na vita alivyopigana. Hati ya jamii ya Wanubi ilikuja kutolewa mwaka 2017, ya ekari 288, baada ya karibu karne nzima ya kuomba.

Wakati huohuo wa ukoloni, wazungu walikuwa wakiifurahia bunduki kwelikweli. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kufikia mwisho wa safari yao baba na mwana walikuwa wameangusha wanyama 512. Biashara ya mabwana wawindaji iliijenga Nairobi ya hoteli na maduka ya bunduki, na haikufungwa mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji Mei 1977. Mwafrika alikuwamo katika mchezo ule, ndiyo: alibeba bunduki ya bwana, akamchuna ngozi mnyama aliyepigwa na bwana. Akiwinda mwenyewe kwa mshale aliitwa jangili.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Walowezi walikaa mezani kula chajio na bastola viunoni, picha zipo. Mwafrika kupatikana na bunduki, au hata risasi, lilikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi aliposhtakiwa Nyeri mwaka 1956, waliomtafuta miaka yote ile kama kiongozi wa vita vya Mau Mau hawakumshtaki kwa vita. Walimshtaki kwa kumiliki bastola na risasi bila idhini. Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake sasa iko katikati ya jiji, na mkononi ameshika bunduki. Kila nikipita pale hujiuliza kama ana leseni.

Uhuru ulipokuja, sheria ile ilibaki, na ladha ile pia ilibaki. Wazee wa Nairobi wanamkumbuka Patrick Shaw. Mchana alikuwa mmoja wa wasimamizi wa shule ya Starehe, mtu wa kuhesabu bajeti na kusomesha watoto wa maskini. Usiku alikuwa polisi wa akiba, wa kujitolea, asiyelipwa, mzungu mwenye mwili mkubwa ndani ya gari lake, akiwasaka majambazi mitaani katika miaka ya 1970 na 1980. Alifariki mwaka 1988. Wapo wanaomwita shujaa, na wapo ambao jina lake likitajwa hunyamaza. Mimi nikitafuta mtu aliyeunganisha mapenzi ya bunduki na mtindo wa maisha hapa Nairobi, simwoni aliyempita. Na alichokilenga hakikuwa karatasi.

Hapa ndipo ninapozidai zile sekunde tano. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, Amnesty na Human Rights Watch zilichapisha ripoti iliyosema polisi waliwaua watu wasiopungua 33 Nairobi pekee, katika mitaa ya mabanda. Kirigiti, ukimpiga mwenye kiganja wazi, msimamizi anaandika, kila mtu anaona, na unashindwa mchezo. Mtaani hakuna anayeandika. Ipo mamlaka ya kuwachunguza polisi, IPOA, iliyoundwa mwaka 2011, na imewafikisha baadhi yao mahakamani hadi wakahukumiwa. Lakini muulize mama yeyote aliyepoteza mtoto ni miaka mingapi amekwenda na kurudi kortini. Ajabu ni kwamba nidhamu iliyo kali zaidi kuhusu kumpiga asiye na hatia nimeiona kwenye uwanja wa starehe, kati ya watu wanaopiga karatasi.

Na nisiwaonee watu wa Kirigiti. Wana haki yao, na niiseme. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia jumba la maduka la Westgate na kuua watu 67, waliotangulia kuingia kuokoa hawakuwa kikosi maalumu cha serikali. Walikuwa polisi wachache, baadhi yao wakiwa wamevaa kiraia, na raia wenye bastola za leseni. Abdul Haji alikwenda kwa sababu ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Ile picha ya mtoto wa kike anayemkimbilia akiwa amenyoosha mkono ilizunguka dunia nzima. Inayat Kassam, mwalimu wa shabaha, alikuwamo siku ile, na alikuwamo tena Januari 2019 hoteli ya Dusit iliposhambuliwa na watu 21 wakauawa. Mazoezi yale ya kujibanza nyuma ya kiambaza, yale ninayoyatania, siku hizo yalitoa watu wakiwa hai. Serikali ilipofika kwa nguvu zake Westgate, wanajeshi na polisi walipigana risasi wao kwa wao na kamanda wa polisi akafa.

Kwa hiyo mtu akiniambia anaweka bastola kwa ajili ya usalama, simcheki. Familia nyingi za Nairobi, hasa za wafanyabiashara, zimeporwa getini mara nyingi kiasi cha kuota mlio wa geti. Ila swali langu ni hili: usalama huo unaishia wapi? Westgate bastola ziliingia kwa ajili ya kila mtu. Siku za kawaida zinamlinda mwenye nazo, na kilicho kati yake na jambazi ni mtu mwingine kabisa, ambaye hana bastola.

Mtu huyo ni mlinzi. Nairobi tunamwita soja, na kwa kweli hana chochote cha soja. Ana koti zito, tochi, rungu na filimbi. Akibahatika ana kitufe cha kuita gari la kampuni. Sheria ya mwaka 2016 ya walinzi binafsi ilifungua mlango mdogo wa kuwapa silaha kwa masharti, na mlango huo mpaka leo umebaki umerudishwa tu. Ukienda Kampala utashangaa: mlinzi wa benki, hata wa duka kubwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki na bunduki kuukuu mapajani. Hapa kwetu tajiri ana bastola ndani chumbani, na anayekesha nje getini ana mti.

Mimi nilidhani walinzi wanalilia bunduki. Yupo ndugu mmoja ninayemfahamu, anapanga chumba nyuma ya steji ya 46, na usiku analinda nyumba karibu na Lavington Green. Bosi wake ni mpenzi wa shabaha, ana kasha la chuma ukutani na vikombe vya ushindi rafuni. Nikamuuliza, kaka, wakikupa mguu wa kuku halali, mzima, wenye risasi, si utalala raha? Akacheka mpaka mwenye mutura akageuka.

Akaniambia, "Mzee, bunduki ya nini? Mwizi akijua nina rungu, ananifunga kamba na kunisukuma kando. Akijua nina bunduki, ananiua kwanza ndipo aichukue. Halafu nikirudi asubuhi nayo, nitaiweka wapi? Chini ya kitanda cha watoto?"

Hoja ile sijaisikia kwa wataalamu wengi. Chumba chake ni futi 10 kwa 10, mabati kwa mabati, na jirani yake akikohoa anamsikia. Kasha la chuma la bosi wake lingeziba mlango. Bei ya bastola moja ya bosi ingemlipia kodi ya chumba kile kwa miaka kadhaa. Mchezo wa bunduki unahitaji zaidi ya bunduki: unahitaji ukuta wa mawe wa kuifungia, gari la kuibebea, uwanja wa kuipigia, wakili wa kumpigia simu ikifyatuka mahali pasipofaa. Asiye na hivyo, akiishika ni silaha tu, na mwisho wake mara nyingi ni kule Ngong, ambako Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizitia moto bunduki haramu 5,144, au ni mochari ya City.

Nikamkumbusha habari ya Uganda, Mei 2023, jinsi naibu waziri Charles Engola alivyopigwa risasi na mwanajeshi aliyekuwa mlinzi wake mwenyewe, na majirani wakasema walimsikia muuaji akilalamika kuhusu mshahara. Akatikisa kichwa, wala hakushangaa. Akanirudisha Januari 2024, mamlaka ya walinzi binafsi ilipoagiza kwamba mlinzi wa Nairobi alipwe si chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na waajiri wakaipinga vikali. Ile amri anaijua kwa tarehe. Habari ya bunduki hakuwahi kuifuatilia.

"Waambie redioni," akasema, akichukua koti lake, maana saa ya zamu ilikuwa imekaribia, "wakitaka kunipa kitu, waanze na hizo elfu thelathini. Hiyo mchuma bosi abaki nayo, anajua kuisafisha."